Wachimba Vyoo wa Bulumbi

Huku Bulumbi, Busia ya Uganda, mchimba choo hulipwa kwa futi. Hata hivyo, fundi wa kweli hujua wapi pa kuacha.

Kwanza huangalia mteremko. Choo hukaa chini ya kisima, si juu yake, na mita 30 kati yavyo si nyingi. Kisha huchora duara, kwa maana shimo la mraba huanza kumomonyoka kwenye pembe, ilhali ukuta wa mviringo hujibana wenyewe udongo unapousukuma. Uzi wenye jiwe humwonyesha kama ameanza kwenda upande. Anaposhuka hukata vidato vya kukanyagia, kimoja huku, kingine kule, na mwenzake juu huvuta ndoo kwa kamba. Asubuhi ya siku ya pili huteremsha koroboi kabla ya mguu wake: moto ukififia, hashuki.

Udongo mweusi huisha upesi. Maramu nyekundu ndiyo kazi, na sururu ya mpini mfupi hula mikono kutwa nzima. Halafu, ndani ya wekundu ule, huonekana madoa ya kijivu. Hata shimo likiwa kavu siku hiyo, hadanganyiki. Madoa yale humwambia kwamba maji ya masika hufika hapo. Anaacha. Futi mbili zaidi zingemletea pesa, lakini uchafu ungeingia majini na kwenda kwa jirani. Kwangu mimi, uamuzi huo ndio ufundi wenyewe, na unastahili malipo yake.

London ilijifunza hatari ya uchafu kuingia majini kwa bei kubwa. Mwaka 1858 Mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa. Joseph Bazalgette akajenga mifereji ya matofali chini ya jiji, na saruji yake ikapimwa shehena kwa shehena. Walipa kodi waligharamia ujenzi na matengenezo. Huku Bulumbi hakuna kodi ya namna hiyo. Kila boma hujibebea gharama zake. Hata ng'ambo ya mpaka, Nambale ya Kenya ilipotangazwa mwaka 2012 kuwa watu wake wameacha kujisaidia vichakani, nyuma ya tangazo kulikuwa na mashimo, kila moja na mchimbaji wake.

Kuchimba kukiisha, magogo ya sakafu hupangwa juu ya shimo, hufunikwa udongo wa kichuguu, hukandikwa kwa samadi na majivu. Mchwa huyala, baada ya miaka hubadilishwa, au boma likipata saruji humwaga zege. Shimo likijaa hufukiwa, na fundi huitwa kupatana bei ya futi upya.