Riwaya ya "Kuli" na Somo la Historia Kisiwani Pemba

Mwanafunzi wa sekondari wa Chake Chake au Wete akiulizwa habari za karne ya ishirini, hutaja Sarajevo na mwaka 1914, Versailles na mwaka 1919, kisha kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929. Huyataja kwa mpango mzuri, na hupata alama zake. Lakini aulizwe mambo hayo yalimfikia vipi babu yake mwenye mikarafuu, hunyamaza. Wapo wasemao kwamba vijana hawana hamu ya historia. Mimi sikubaliani nao. Ni vigumu mtu kuwa na hamu na orodha ya majina ya mbali, tena katika somo ambalo kwa miaka mingi limefundishwa kwa Kiingereza.

Na hali Pemba haikuwa mbali na mambo hayo hata kidogo. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa chetu ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya zao hilo, na maisha yake yakafungamana na masoko ya ng'ambo. Bei ilipoanguka baada ya 1929, wenye mashamba walizama katika madeni, na mashamba yakawekwa rehani. Serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wadai, na mwaka 1937 ikaipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoanzishwa 1927, mamlaka makubwa juu ya ununuzi wa zao hilo. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia. Huko India, mojawapo ya wanunuzi wetu wakubwa, chama cha Congress kikawahimiza watu wasinunue karafuu za Zanzibar, na mwaka 1938 serikali ikalazimika kutafuta mapatano. Katika kisa hiki kimoja mna mdororo wa uchumi wa dunia, mna hila za ukoloni, mna na harakati za India za kujikomboa. Na vyote vimeanikwa juu ya jamvi la karafuu.

Kwa kuwa vitabu vya historia hukipita kisa kama hiki mbio mbio, mwalimu hana budi kuiendea fasihi. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, "Kuli", iliyotoka mwaka 1979, inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948, ulioanzia bandarini ukaenea mjini. Sifa yake kubwa ni kwamba neno "mgomo" limepewa mwili. Msomaji anaufuata uchovu wa Rashidi, mwana wa Majaliwa, na huelewa kwa nini mtu asiye na akiba huthubutu kuacha kazi. Jambo hilo tarehe peke yake haliwezi kulifundisha.

Hata hivyo, "Kuli" ni riwaya ya mji. Karafuu zilizopakiwa bandarini Unguja nyingi zilitoka Pemba, lakini mchumaji aliyelipwa kwa pishi, na mwanamke aliyekaa usiku akichambua makonyo, hawamo. Mwandishi ana haki ya kuchagua uwanja wake, na kwa hilo simlaumu. Linalonitia shaka zaidi ni namna anavyowagawa watu: wanyonyaji upande huu, wanyonywaji upande ule. Mgawanyo huo unafaa bandarini, ila ukiletwa Pemba hautoshi. Huku mtu aliweza kuwa na mikarafuu michache yake mwenyewe, akachuma kwa ujira katika shamba la jirani, na papo hapo akadaiwa dukani. Mtu huyo tumweke upande gani?

Swali hili si la darasani tu. Bila ya kulijibu, mwanafunzi hawezi kuelewa kwa nini chama cha ZPPP, kilichoundwa 1959, kilipata nguvu Pemba, wala chaguzi za 1961 na 1963 zilikwendaje, wala Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokewaje katika kila nyumba. Mambo haya barazani husemwa kwa kunong'ona, na darasani husemwa kwa kukariri. Kijana anayesikia sauti hizo mbili asipate ya tatu, hujijazia mwenyewe kwa chuki aliyoirithi.

Kwa hiyo ningependa walimu wa fasihi na wa historia waisome "Kuli" pamoja. Wakifika kwenye mgomo, wasimame. Kila mwanafunzi aende kwa mzee mmoja wa kijiji chake, iwe Kengeja au Konde, amwulize kwa Kiswahili: pishi moja ililipwa kiasi gani, shamba liliwekwa rehani kwa nani, na hati ikarudi lini. Majibu yatapingana. Yaandikwe yote, na darasa liyajadili kabla ya kufungua sura ya Versailles.