Kitongoji na Kata katika Kamusi

Kamusi itoshekayo kueleza kuwa kitongoji ni kijiji kidogo humpoteza msomaji wa nyaraka za serikali. Mwamgongo, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Gombe, ni kijiji. Kitongoji ni sehemu yake tu, yenye mwenyekiti wake. Jina hilo hilo ni la kata, ambayo wakazi wake huchagua diwani. Nchini Kenya kata ni eneo la chifu aajiriwaye na serikali, na mwakilishi huchaguliwa na watu wa wadi. Tena, katika magazeti ya huko, “vitongoji duni” ni mitaa ya mabanda ya mijini, kama Kibera. Huko Burundi, Kirundi hutumia neno umusozi, yaani mlima, kwa mlima wenyewe na kwa eneo la utawala pia. Mfasiri asiyelijua hilo huwaandikia watu kilele badala ya kwao.

Basi upungufu si wa wasemaji, ni wa kamusi. Hapana haja ya kuamua nani asema sawa. Yapasa kila maana itajiwe nchi yake, kwani aliyeitwa kwa barua hana budi kujua aende kwa nani.