"Mwanga unakimbia kuliko umeme": maelezo yanayomtia mtu hasara

Uliza kwa nini fiba inaishinda shaba. Darasani, dukani, hata kwa fundi aliye juu ya ngazi, jibu ni lile lile: eti mwanga unakimbia kuliko umeme. Linaingia kichwani haraka, na mwisho wake ni wa kweli, maana kwa safari ndefu fiba haina mpinzani. Ila sababu siyo hiyo.

Ndani ya kioo cha fiba, mwanga hupungua hadi kama asilimia 68 ya mwendo wake wa angani. Ishara kwenye waya wa mtandao, ule wa jozi nne zilizosokotwa, nayo iko hapo hapo. Sasa chukua kebo ya koaksia inayoshuka kutoka kwenye dishi. Kati ya uzi wa shaba na wavu wake kuna povu la plastiki, na humo ishara hupita kwa asilimia 80 na ushee. Yaani waya wa dishi unaipita fiba mbio! Maelezo yale yanalijibuje hilo?

Tofauti yenyewe iko kwenye kuchoka. Kwa masafa ya gigahezi 1, koaksia hiyo ikifika mita 100 imebakiza kama sehemu 1 kati ya 100 ya nguvu iliyoingia. Fiba nzuri huenda kilomita 15 ndipo ipoteze nusu. Tena inabeba masafa mapana mno kwa mkupuo. Ndiyo maana Mkongo wa Taifa ni wa fiba.

Kwani kuna ubaya gani mtu akikosea sababu? Ubaya ni bili. Fikiria mwenye nyumba ya wageni pale Vigwaza, jirani na mizani, madereva wa malori wanamlalamikia intaneti inakwama. Akiamini shaba "ni ya polepole", atang'oa waya wote. Lakini kwenye mita 50 za korido yake ishara inatumia robo ya mikrosekunde tu, na waya wa shaba unaruhusiwa hadi mita 100. Huenda mchawi ni mwingine: alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa jina la Cat6 wakati viwango vya Cat6 vinataka shaba tupu. Ukinzani wake unaizidi shaba kwa karibu nusu, hivyo hata kamera inayopewa umeme kupitia waya huo huo inazimazima. Hapo habari za mwendo hazimsaidii kitu. Kisu kinamsaidia: akwangue ncha ya uzi, akikuta weupe chini ya wekundu, aurudishe dukani.