Bustani ya Hekalu na Mikono Inayoitunza

Jengo la mawe likishakamilika laweza kuachwa miaka mingi na bado likasimama. Bustani haivumilii hivyo. Ikipita misimu michache bila kuguswa, magugu huota kwenye changarawe, miti hurefuka hovyo, na umbo alilokusudia fundi hupotea. Kwa hiyo ukiona bustani ya karne ya 17 ingali na sura yake, ujue kuna watu walioshika zamu kizazi baada ya kizazi. Mahali pazuri pa kuishuhudia kazi hiyo ni Koyasan, nchini Japani, ambako mgeni hulala ndani ya hekalu na bustani ikiwa mbele ya mlango wa chumba chake.

Koyasan ni mji wa mahekalu katika milima ya mkoa wa Wakayama, kusini mwa Osaka, kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mtawa Kukai, aliyerejea kutoka China na mafundisho yaliyozaa madhehebu ya Kibudha ya Shingon, alipewa eneo hilo na Mfalme Saga mwaka 816. Leo kuna mahekalu 117, na takriban 50 kati yake hupokea wageni wa kulala. Zamani waliolala humo walikuwa mahujaji, pamoja na koo za mabwana wa kivita zilizokuwa walezi wa hekalu hili au lile. Siku hizi mtu wa dini yoyote, au asiye na dini, hukaribishwa mradi ameweka nafasi mapema na anafuata taratibu za nyumba.

Taratibu zenyewe hazimsumbui mtu. Viatu huvuliwa mlangoni. Chumbani kuna mikeka minene ya tatami, meza fupi, na milango ya kusukuma pembeni iliyowambwa karatasi. Jioni, wakati unakula, mtu huja kukutandikia godoro sakafuni. Ukisukuma mlango wa upande wa pili unatokea kwenye baraza ya mbao, na hapo bustani inaanza. Usiitazame ukiwa umesimama. Nyingi ya bustani hizi zilipangwa kwa kipimo cha macho ya mtu aliyeketi chini. Keti, na jiwe lililoonekana dogo litainuka, na mlima ulio mbali utaingia kwenye picha kana kwamba nao ulipandwa na fundi.

Ufundi wa kupanga mawe una mapokeo marefu. Kitabu cha Sakuteiki, kilichoandikwa Japani katika karne ya 11, tayari kilimfundisha mjenzi wa bustani alitazame kwanza jiwe lenyewe, aone linaelekea wapi, ndipo ayapange mengine kulifuata. Jiwe halibwagwi juu ya ardhi. Sehemu yake kubwa hufukiwa, ili linaloonekana liwe kama ncha ya mwamba uliokuwapo tangu zamani. Kwa hiyo mgeni huona sehemu tu ya mzigo uliobebwa. Sehemu nyingine iko chini ya udongo, na ndiyo inayolipa jiwe utulivu wake.

Katika karne ya 20 aliyeyapenda mawe hayo kuliko wengi alikuwa Shigemori Mirei, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1975. Sifa yake ilienea kwa bustani ya hekalu la Tofuku-ji mjini Kyoto, aliyoikamilisha mwaka 1939, na Koyasan nako aliacha kazi zake, zikiwamo bustani za hekalu la Fukuchi-in, ambalo hulaza wageni hadi leo. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1934 kimbunga kikali kilipiga magharibi ya Japani na kuharibu bustani nyingi za kale. Shigemori aliona kwamba bila michoro hakuna atakayejua jiwe lililoanguka lilisimama wapi. Kuanzia mwaka 1936 alizunguka nchi akipima na kuchora mamia ya bustani, na matokeo yake yakachapishwa katika juzuu 26. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Yeye aliziandikia bustani za Japani daftari lake.

Lakini daftari halipogolei mti. Mtazame mtunza bustani akiwa kwenye msonobari. Amesimama kwenye ngazi ya miguu mitatu, kavaa viatu laini vya kitambaa vinavyotenga kidole gumba. Majira ya kuchipua hupita kila tawi akikata machipukizi mapya kwa vidole kabla hayajakomaa, lile lenye nguvu akilifupisha zaidi, lile dhaifu akilihurumia. Majira ya vuli hurudi tena, safari hii akinyofoa majani makuukuu yaliyo kama sindano, fungu kwa fungu, mpaka mwanga upenye katikati ya matawi. Huanza kileleni na kushuka, ili takataka zisiangukie sehemu aliyokwisha kuisafisha. Mti mmoja mkubwa waweza kumla siku nzima. Akishuka, mpita njia hatagundua kuwa kuna kilichofanyika. Ataona mti mzuri tu, na ndivyo fundi alivyotaka.

Changarawe nayo ina kazi yake. Kwenye hekalu kuu la Kongobu-ji, umbali wa kutembea kutoka nyumba nyingi za wageni, iko bustani ya Banryutei, yenye mita za mraba 2,340. Ilitengenezwa mwaka 1984 kwa mawe 140 ya itale kutoka Shikoku, kisiwa alikozaliwa Kukai, na changarawe nyeupe kutoka Kyoto. Mawe hayo ni madragoni wawili wanaotokeza mawinguni, na mawingu ni mistari ya changarawe. Kwanza majani yaliyoanguka huokotwa. Kisha mtu huvuta reki ya meno mapana akirudi kinyumenyume, akifuta nyayo zake mwenyewe, mkono ukikandamiza kwa uzito uleule ili mfereji usiwe na kina huku na kuwa juujuu kule. Mvua kubwa ikinyesha, kazi inaanza upya.

Subira hiyohiyo iko jikoni. Chakula cha hekalu hakina nyama wala samaki, wala vitunguu na vitunguu saumu. Sahani inayosifiwa zaidi Koyasan ni goma-dofu. Ufuta hulowekwa, hutolewa maganda, husagwa na kuchujwa mpaka yabaki maziwa meupe. Huchanganywa na wanga wa mmea wa kudzu, mchanganyiko ukabandikwa motoni, na hapo mwiko haupumziki: mpishi akiacha kukoroga, wanga utashika chini na kufanya madonge. Ukiiva huwa mzito na kung'aa, ukapozwa mpaka ugande. Kipande kimoja huletwa na wasabi kidogo na mchuzi wa soya. Kinayeyuka mdomoni, na harufu ya ufuta hubaki muda mrefu. Msomaji wa Lindi au Mtwara ana sababu ya kufurahi hapa, kwa kuwa Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoiuzia.

Asubuhi na mapema wageni hualikwa kwenye ibada. Wakati huohuo, katika makaburi ya Okunoin, watawa humpelekea Kukai chakula. Waumini wa Shingon husadiki kwamba mwaka 835 hakufa, aliingia katika tafakuri isiyokoma, hivyo huandaliwa mlo mara mbili kila siku. Baada ya kuona hilo, kazi ya reki na ya msonobari haihitaji kuelezwa zaidi.

Majina ya Kukai na Shigemori yamo vitabuni. Ya waliochambua misonobari na kusawazisha changarawe hayamo, nami nawahesabu kuwa mafundi wa daraja moja na hao wawili. Ukijaliwa kufika Koyasan, usipite mchana na kurudi Osaka jioni. Lala hekaluni, amka mapema, keti barazani, na ukimkuta mtunza bustani kwenye ngazi yake, msalimie kwa heshima umtazame mpaka amalize tawi moja.