Kioo Kinamtaja Nani

Chupa ya sumu ni andiko linalosomwa kwanza kwa vidole. Hii ninayoihakiki ni ya buluu iliyoiva, ina pembe sita, na inaenea kiganjani. Niliinunua soko la Kibuye, Kisumu, kwa mchuuzi wa vyuma chakavu. Pande zake kadhaa ni laini. Zile za mbele zina mistari iliyochomoza, imesimama sambamba toka begani hadi kitakoni, na katikati yake maneno manne ya Kiingereza yanakataza yaliyomo yasinywe. Zima taa uishike. Muuguzi anayepapasa rafu usiku hawezi kuidhania ya dawa ya kikohozi, maana ile ya kikohozi mwili wake unateleza. Rangi inaonya, pembe zinaonya, mistari inaonya, na asiyejua kusoma hapitwi na chochote kilicho muhimu. Sijaona kazi nyingi za sanaa ambamo umbo na maana vimeshikana kiasi hicho.

Ukiigeuza utauona mshono, alama iliyobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Unapanda ubavuni, unafika shingoni, kisha unapotea kabla ya mdomo. Hapo ndipo fundi alipoupasha mdomo moto tena na kuufinyanga kwa chombo cha mkono. Michael Owens wa Marekani alipata hataza ya mashine yake ya kutengeneza chupa mwaka 1904, na chupa za mashine mshono wake hupita mpaka ukingoni. Kwa hiyo mdomo huu mnene, uliokaa upande kidogo, ni saini ya mtu ambaye hakupewa nafasi nyingine ya kusaini.

Nasema hivyo kwa sababu chupa hizi zina daraja za kutaja majina, na daraja hizo zinastahili kusomwa kwa makini kama vina vya shairi. Kampuni ya dawa hujiandika kwa herufi kubwa mwilini. Kiwanda cha kioo huachiwa kitako, tena mara nyingi kwa herufi za mwanzo tu. Beatson Clark wa Rotherham, mji wa Uingereza ambako kioo kimetengenezwa tangu 1751, walijipatia sifa kwa chupa za maduka ya dawa, lakini mnunuzi angewajua tu akiipindua chupa. Mpulizaji hatajwi popote. Mgonjwa naye aliandikwa kwenye karatasi.

Burroughs Wellcome ndio walioielewa vizuri zaidi nguvu ya jina. Ni Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, walioanzisha kampuni London mwaka 1880, na mwaka 1884 wakasajili jina Tabloid kwa dawa zao zilizoshindiliwa kuwa vidonge. Mvumbuzi Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa letu la Viktoria mwaka 1875, alipewa masanduku yao ya dawa kwa safari ya 1887. Fikiria mzigo huo ukiwa kichwani mwa mpagazi: maji yakiondolewa kwenye dawa, chupa inapungua na safari inawezekana. Udogo wa vichupa vyao ulitokana na njia ya miguu. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, sababu hiyo ililegea. Chupa kubwa za dawa ya maji ziliweza kuja kwa garimoshi zikiwa zimefungwa ndani ya nyasi kavu.

Katika hizo kubwa fani inapwaya. Ubavu mmoja una mistari ya vipimo, na kila mstari ni kijiko kimoja cha mezani, yaani nusu aunsi. Chupa ya aunsi nane ina vijiko kumi na sita. Hesabu ni safi, lakini inamdhania msomaji mmoja tu: mwenye meza, mwenye kijiko cha Kiingereza, mwenye macho ya kuona mstari mwembamba wa kioo nyuma ya dawa nyeusi. Chupa ya sumu ilimfikiria kila mtu atakayeigusa. Hii ilimfikiria mteja wake.

Tena wagonjwa wengi hawakuondoka na chupa ya namna hiyo. Kwenye zahanati mtu wa kijijini alizoea kwenda na chupa yake, ya soda au ya bia, akatiliwa dawa humo na kuelezwa kwa mdomo anywe mara ngapi. Ikiisha ilioshwa ikawekwa mafuta ya taa au samli. Jina la kampuni halikuwapo, wala mstari wa kipimo. Kipimo kilihifadhiwa kichwani mwa mama wa mtoto.

Makompaunda, yaani wachanganyaji dawa, wa Bara Hindi walikuwa na jibu lao kwa tatizo hilo. Walikata ukanda wa karatasi wenye meno ubavuni, wakaubandika wima kwenye chupa, jino moja kwa kila dozi: unywe mpaka dawa ishuke jino moja, upumzike, kesho jino jingine. Ukanda ulikatwa kwa mkasi kulingana na chupa iliyopo na mgonjwa aliyepo, haukuhitaji kijiko wala herufi, na ulionyesha siku zilizobaki pamoja na dawa iliyobaki. Karatasi ya namna hiyo haidumu, na ndiyo maana wakusanyaji wa chupa hawaithamini. Nikihukumu fani peke yake, naiweka juu ya kila chupa yenye mistari ya vijiko iliyowahi kutoka kiwandani.