Mitungi ya Ladi Kwali wa Nigeria

Vyungu vya Afrika vimesifiwa sana, lakini waliovifinyanga ni wachache waliotajwa kwa majina yao. Mmoja wa hao wachache ni Ladi Kwali. Jina lenyewe lafaa kuangaliwa: Ladi, kwa Kihausa, ni mtoto wa kike aliyezaliwa Jumapili, Kwali ni kijiji chake, katika nchi ya Wagbagyi. Alizaliwa yapata mwaka 1925, akafariki mwaka 1984.

Neno tutakalo kulipima ni hili lisemwalo mara kwa mara, ya kuwa Kituo cha Ufinyanzi cha Abuja ndicho kilichomfanya fundi. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Abuja wa zamani, ambao sasa waitwa Suleja. Lakini Cardew aliiona mitungi ya Ladi nyumbani kwa Emir wa Abuja kabla Ladi hajaingia kituoni mwaka 1954. Basi kazi ilitangulia shule. Shangazi yake alikwisha kumfundisha tangu utotoni, maana udongo uwahi ungali maji.

Tena, kwa Wagbagyi kufinyanga ni kazi ya wanawake. Walakini wanafunzi wa kwanza wa kituo walikuwa wanaume, wakifundishwa gurudumu. Ladi ndiye mwanamke wa kwanza kuingia. Wenye elimu tayari ndio walioitwa mwisho.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mtungi mkubwa hakuufanya kwa gurudumu. Aliuinua kwa mkono, akiongeza kamba za udongo. Mtungi ulitulia mahali pake, na fundi ndiye aliyeuzunguka. Ungali mbichi aliuchora mijusi, nge, nyoka, samaki na mamba, na mistari ya kuwatenga, kisha michoro ikajazwa udongo mweupe. Wanyama hao si picha za kuigiza tu. Mwili wa kila mmoja wafuata tumbo la mtungi, hata mtu hawezi kuuondoa mchoro akabakiza umbo kamili. Hapo ndipo tuuonapo ustadi wake. Mabakuli na vikombe alivyovifanya kwa gurudumu ni safi, lakini twaona ni kazi ya kituo, ambayo mwanafunzi mwingine hodari angaliiweza.

Kituo kilimpa nini, basi? Kilimpa tanuru yenye joto lipitalo digrii 1,200, na dawa ya kupaka ambayo motoni hugeuka kama kioo. Dawa hiyo hutuama ndani ya michoro, nayo michoro hudhihirika zaidi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini mtungi wa kijijini, uliochomwa kwa kuni na majani mahali pa wazi, hupitisha unyevu kidogo, na unyevu ukikauka nje maji ya ndani hupoa. Mtungi wa tanuru haufanyi hivyo. Ukatoka katika nyumba, ukaenda kwenye maonyesho ya London mwaka 1958, na huko wakatokea wanunuzi. Nakshi ilipata, mtungi ukapoteza kazi yake. Wanaoisifu tanuru hawana budi kuyasema yote mawili.

Heshima alipewa: Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari mwaka 1977, na mwaka 2007 sura yake ilitiwa katika noti ya naira 20. Lakini ushahidi tuupendao zaidi ni mwingine. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alifika kituoni humo miaka ya 1970 akajifunza kwake, naye alichochukua si gurudumu bali kufinyanga kwa mkono. Vyombo vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho.

Walimu wanaotaka kuanzisha kazi za mikono shuleni wangefanya vema, kabla ya kununua gurudumu, kuuliza ni mama gani kijijini ajuaye udongo, na kumketisha mbele ya darasa.