"Tiba Mbadala ya Homoni": Uhakiki wa Istilahi Tatu za Afya ya Mwanamke

Istilahi hupimwa kwa njia mbili: je, yaeleza dhana barabara, na je, mwenye kuisikia aelewa kile kile alichokusudia msemaji? Katika fani nyingi kosa la pili huleta usumbufu tu. Katika utabibu laweza kumpeleka mgonjwa mlango usio wake. Makala haya yachunguza istilahi tatu zimhusuzo mwanamke aliyekoma hedhi, yakimfikiria mama wa Same, awe wa mjini kando ya barabara kuu ama wa Vudee na Mbaga mlimani, ambaye amelelewa kwa Chasu na hutibiwa kwa Kiswahili.

Komahedhi. Istilahi hii twaiunga mkono. Imeundwa kwa kitenzi kijulikanacho na nomino yenye staha, na dhana yake ni wazi: miezi 12 mfululizo bila hedhi, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Wako wasemao "kukatika hedhi". Lakini hedhi huweza kukatika kwa maradhi, kwa lishe duni au kwa sindano za uzazi wa mpango, kisha ikarudi. Kukoma ni kufika mwisho.

Tiba mbadala ya homoni. Hapa pana hatari. Mfasiri aliona Kiingereza chataja kuweka kitu badala ya kingine, akachukua "mbadala", asikumbuke kuwa neno hilo lilikwisha kupata kazi nyingine. Tanzania inayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na wananchi wajua kuwa tiba mbadala ni ile iliyo nje ya utabibu wa kawaida wa hospitali. Mama aambiwaye atumie tiba mbadala ana haki ya kwenda sokoni kutafuta unga wa mizizi, ilhali estrojeni ni dawa ya kuandikiwa na daktari baada ya kuulizwa habari za saratani ya matiti na kuganda kwa damu.

"Tiba ya kurejesha homoni" nayo yaahidi ujana usiorudi. Wataalamu wengi duniani wameliacha neno la kuweka badala. Uchunguzi wa Women's Health Initiative nchini Marekani, katika sehemu yake ya wanawake 16,608 iliyopima estrojeni pamoja na projestini, ulisimamishwa mwaka 2002: mivunjiko ya nyonga ilipungua, bali saratani ya matiti na kiharusi viliongezeka. Leo tiba hii hutolewa hasa kwa wanawake walio chini ya miaka 60 wasumbuliwao na joto la ghafla na jasho la usiku. Twapendekeza "tiba ya homoni ya komahedhi", bila ahadi na bila utata.

Muundo wa mwili. Estrojeni ipunguapo, misuli hupungua, na mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani na mapajani huelekea tumboni. Mizani huenda isionyeshe lolote. Mama ambaye sketi yambana kiunoni ingawa uzito wake ni ule ule akisema "unene", mizani yamkanusha. Akiambiwa "muundo wa mwili", hufikiri habari za viungo na mifupa. Dhana hapa ni mbili, nazo zataka maneno mawili: "uwiano wa mafuta na misuli" na "mtawanyo wa mafuta mwilini".

Kwa maneno hayo hata madai ya wauzaji wa dawa yapimika. Katika uchunguzi uliotajwa, kikundi kilichopimwa kwa miaka 3 kilionyesha kuwa waliotumia homoni walipoteza kidogo zaidi nyama isiyo mafuta kuliko wenzao, lakini tofauti haikufika nusu kilo. Basi hii si dawa ya kupunguza tumbo, wala isiitwe hivyo.

Milima ya Upare na Usambara imekwisha kuipa lugha ya taifa neno "kitivo", lililohusu ardhi yenye rutuba, na sasa vyuo vikuu vyatumia. Lugha za wananchi zina akiba. Hatuna budi kuwauliza wakunga, wauguzi na akina mama wenyewe kabla ya kusanifisha, maana istilahi ya tiba isiyoeleweka zahanatini haijakamilika, hata ikipendeza kamusini.